Omena wa Usenge walipotea kila stima ilipokatika: kisa cha kundi la msingi kwenye seva ya Kisumu

Ofisi yenyewe iko Kisumu, upande wa Milimani, na jina lake nitaliacha. Inakusanya takwimu za samaki wanaoshushwa kwenye bichi za Ziwa Victoria: Dunga, Usenge, Mbita, Sori na nyinginezo. Pembeni ina mradi wa pili, wa kufuatilia visima na mabomba ya maji vijijini. Data za miradi yote miwili zinakaa kwenye seva moja ya Debian (aina ya Linux), na makarani na wachambuzi huingia humo kwa `ssh` (njia ya kuingia kwenye seva kupitia mtandao) kutoka kwenye kompyuta za mezani. Mimi huitwa mambo ya seva yakikwama. Safari hii niliitwa kwa sababu ripoti ya Jumatatu ilikuwa inatoka na mapengo: wiki moja Usenge haina omena hata kilo moja, wiki nyingine Sori haina mbuta. Aliyewahi kusimama Usenge asubuhi mitumbwi ikirudi anajua jambo hilo haliwezekani.

Nilipofika nilikuta ofisi imeshampata mkosaji, naye ni stima. Ushahidi ulikuwa mzito kweli. Kisumu mvua ya alasiri ikija na upepo wa ziwani, stima kukatika si habari, na kila pengo kwenye ripoti lilifuata siku ambayo stima ilikatika. Maelezo yaliyokubalika ni kwamba karani anakuwa katikati ya kuingiza takwimu, kompyuta inazima, faili inaharibika. Meneja alikuwa tayari ameomba bei ya betri za akiba kwa kila meza.

Maelezo hayo yalikuwa na tundu moja. Seva ina betri zake na haikuwa imezima hata siku moja. Nilizitafuta faili zilizokosekana kwenye ripoti nikazikuta mahali pake, nzima, kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Wachambuzi wawili walizifungua mbele yangu bila shida yoyote. Hakuna kilichoharibika. Kuna mtu, au kitu, kilichoshindwa kuzisoma.

Safu ambayo macho huipita

Folda ya mradi, `/srv/samaki`, ni mali ya root (msimamizi mkuu wa mfumo) na kundi la watumiaji `samaki`, kwa ruhusa 770: aliye ndani ya kundi anaingia, aliye nje haoni kitu. Ndani yake mna `ingizo`, ambamo makarani huweka faili za kila bichi. Usiku, cron (programu ya kuendesha kazi kwa ratiba) huendesha skripti inayozijumlisha, kwa akaunti isiyo ya mtu inayoitwa `jumlisho`. Akaunti hiyo imo kwenye kundi la `samaki` na haimo kwenye kundi lingine lolote la mradi, na huo ni mpango mzuri. `umask` ya seva nzima, yaani ruhusa ambazo faili mpya hunyimwa, ni 027, maana yake faili mpya husomwa na kuandikwa na mwenyewe, husomwa na kundi lake, na watu wengine hawapati chochote.

Sasa tazama mistari hii miwili:

```
-rw-r----- 1 karani3 samaki 48213 usenge-omena-a.csv
-rw-r----- 1 karani3 maji   51907 usenge-omena-b.csv
```

Karani ni yuleyule, folda ni ileile, ruhusa ni zilezile. Tofauti iko kwenye safu ya nne tu, na ni safu ambayo watu wengi huipita kwa macho kwa sababu mara nyingi haina jipya. Faili ya pili ni ya kundi la `maji`. Kwa `jumlisho`, ambayo haimo kwenye `maji`, faili hiyo imefungwa. Wachambuzi wale wawili wamo kwenye makundi yote mawili, ndiyo maana kwao kila kitu kilifunguka na hakuna aliyeshuku ruhusa.

Skripti ilikuwa imelalamika kila usiku. Ila aliyeiandika alimalizia mstari wa kusoma faili kwa `2>/dev/null`, kwa hiyo malalamiko yote yalitupwa shimoni na faili isiyosomeka ikarukwa kimyakimya. Kwa maoni yangu hilo ni kosa kubwa kuliko lile la kundi. Kundi likikosewa na skripti ikapiga kelele, unapoteza asubuhi moja. Skripti ikinyamaza, ripoti isiyo sahihi inafika kwa watu wanaopanga bei na misimu ya kuvua.

Kikaratasi cha njano

Swali likabaki: kwa nini mtu mmoja atoe faili za makundi mawili tofauti?

Karani namba tatu ni mama mtu mzima ambaye amefanya kazi ya data tangu enzi za fomu za karatasi. Aliajiriwa kwenye mradi wa maji, kwa hiyo kundi lake la msingi, yaani lile analoanza nalo kila akiingia, ni `maji`. Baadaye alipewa nusu ya wiki kwenye samaki, na kijana wa ICT akamwongeza:

```
usermod -aG samaki karani3
```

Amri ni sahihi. (Hiyo `-a` usiisahau: `-G` ikiwa peke yake hufuta makundi ya ziada yote aliyokuwa nayo mtu na kumwachia uliyoyataja tu. Kuna wasimamizi waliojifungia nje ya `sudo`, amri ya kutumia uwezo wa root, kwa herufi hiyo moja.) Lakini mama alipojaribu kuingia kwenye `/srv/samaki` alikataliwa. Kijana akaandika `id karani3` kwenye dirisha lake, akaona `samaki` imo. Mama akaandika `id` kwenye dirisha lake, `samaki` haimo.

Yote mawili ni kweli. Ukiiandika `id` na jina la mtu, inasoma daftari la makundi, `/etc/group` kwa kawaida. Ukiiandika bila jina, inakuambia makundi ambayo mchakato huu (programu inayoendelea) unaoutumia sasa umeyabeba. Makundi hayo hutolewa mara moja, wakati wa kuingia, na kila mchakato unaozaliwa humo huyarithi. Ni kama muhuri wanaokupiga mkononi mlangoni pa uwanja: orodha ya mlangoni ikibadilishwa ukiwa ndani, muhuri wako unabaki uleule mpaka utoke uingie upya.

Mama hakutaka kutoka, alikuwa na madirisha manne wazi. Kijana akampa njia ya mkato: andika `newgrp samaki`. Ikafanya kazi papo hapo, kwa sababu `newgrp` huendeshwa kwa uwezo wa root, husoma daftari upya, huthibitisha kuwa jina lako limo, kisha hukufungulia sheli mpya (programu inayopokea amri) yenye kitambulisho kipya cha kundi. Kijana akaiandika amri hiyo kwenye kikaratasi cha njano akakibandika pembeni mwa skrini: *Ikikataa kuingia samaki, andika newgrp samaki*. Nilikikuta bado kipo.

Nilivuta kiti nikamwuliza, "Mama, ukianza kazi asubuhi, hiyo amri huwa unaiandika kila siku?"

"Ikinikataza ndio naandika, kijana wangu. Ikinikubali, ya nini tena?"

Hapo kisa kikafunguka chote.

Kuingia ni jambo moja, kumiliki ni lingine

Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, huupa kila mchakato vitu viwili vinavyohusu makundi, na watu huvichanganya. Kuna kitambulisho cha kundi kinachotumika, kimoja tu, na kuna orodha ya makundi ya ziada. Ukitaka kufungua faili au kuingia kwenye folda, vyote viwili huangaliwa. Kimoja kikikubali, umepita. Ukiunda faili mpya, orodha ya ziada haiulizwi kabisa. Faili hupewa kile kitambulisho kimoja kinachotumika, isipokuwa folda yenyewe iwe imeagizwa vingine.

Kwa macho, ndani ya akaunti ya mama baada ya kuingia upya:

```
$ id -gn
maji
$ touch /srv/samaki/ingizo/jaribio1
$ newgrp samaki
$ id -gn
samaki
$ touch /srv/samaki/ingizo/jaribio2
$ ls -l /srv/samaki/ingizo/jaribio*
-rw-r----- 1 karani3 maji   0 jaribio1
-rw-r----- 1 karani3 samaki 0 jaribio2
```

Siku ile ya kwanza, dirisha lake lilikuwa la kabla ya kuongezwa, kwa hiyo alikataliwa, akaandika `newgrp`, na faili zikatoka na kundi la `samaki`. Yeye hazimi kompyuta jioni, huzima skrini tu. Dirisha lilelile liliweza kukaa wazi wiki nzima, na wiki nzima kila kitu kilikuwa sawa. Kisha stima inakatika. Seva inabaki hai kwa betri zake, ila kompyuta ya mezani inakufa na muunganisho wa `ssh` nao. Stima ikirudi, mama anaingia upya. Safari hii mlangoni anapewa `samaki` kama kundi la ziada, kwa hiyo folda inamfungukia bila kipingamizi. Kikaratasi kinasema aandike amri *ikikataa*. Haijakataa. Anafanya kazi siku nzima, na kila faili anayoihifadhi inatoka na kundi la `maji`.

Kwa hiyo ofisi haikukosea kuona uhusiano wa stima na mapengo. Uhusiano ulikuwepo. Betri mezani zingepunguza mapengo kweli, na pengine zingeyaondoa kwa miezi, na kila mtu angeamini tatizo limetibiwa, hadi siku ambayo mama angeenda likizo, azime kompyuta, arudi.

Sikutaka kutegemea mantiki peke yake. `last karani3` hutoa orodha ya kila alipoingia. `newgrp` nayo huacha alama: `SYSLOG_SG_ENAB` ikiwa imewashwa kwenye `/etc/login.defs`, kumbukumbu za mfumo huandika nani alihamia kundi gani na kutoka dirisha lipi. Niliziweka orodha hizo mbili kando ya tarehe za faili. Kila faili ya `maji` aliyoiweka mama ndani ya folda ya samaki ilizaliwa kwenye kipindi kilichoanza bila alama ya `newgrp`. Hakuna hata moja iliyokwenda kinyume.

Anayetaka kuona hali ya mchakato unaoendelea bila kumsumbua mwenyewe, kerneli yenyewe inaiweka wazi:

```
$ grep -E '^(Gid|Groups)' /proc/4821/status
Gid:    1007    1007    1007    1007
Groups: 1007 1012
```

Namba nne za mstari wa kwanza ni kitambulisho halisi, kinachotumika, kilichohifadhiwa na cha mfumo wa faili. Hapa 1007 ni `maji` na 1012 ni `samaki`. Ruhusa ya kuingia ipo mstari wa pili. Umiliki wa faili mpya unatoka mstari wa kwanza.

Hali hii ina historia yake. Unix ya zamani iliupa mchakato kundi moja tu, na aliyetaka kufanya kazi ya kundi lingine ilimbidi ahamie huko; `newgrp` ilikuwemo tangu toleo la sita la Unix la AT&T, miaka ya 1970. Orodha ya makundi ya ziada ililetwa na 4.2BSD, Unix ya Chuo Kikuu cha Berkeley, mwaka 1983, na tangu hapo haja ya kuhama ili *kuingia* ikapungua sana. Haja ya kuhama ili faili *itoke na kundi sahihi* ikabaki kwa mifumo iliyofuata njia ya System V (Unix ya AT&T), Linux ikiwemo. BSD waliimaliza kwa njia nyingine: kwao faili mpya huchukua kundi la folda ilimozaliwa. Seva hii ingekuwa FreeBSD, mimi nisingeitwa Milimani.

Yaliyopendekezwa na kukataliwa

Kijana wa ICT, mwepesi wa kujifunza na mwepesi zaidi wa kujaribu, alipendekeza `newgrp samaki` iwekwe kwenye `.bashrc` ya mama ili ijiandike yenyewe. Tuliijaribu kwenye akaunti ya majaribio ili aione mwenyewe. `newgrp` hufungua sheli mpya. Sheli mpya husoma `.bashrc`, `.bashrc` huita `newgrp`. Orodha ya michakato ya `ps` ikajaa bash, yaani sheli yenyewe, juu ya bash, na dirisha halikurudisha hata alama ya kuandikia. Kuiweka ndani ya skripti ya kawaida nako hakusaidii: skripti inasimama kwenye mstari huo mpaka sheli mpya ifungwe, kisha mistari iliyobaki inaendelea kwa kundi la zamani. Kwa skripti kuna `sg`, ambayo huendesha amri moja chini ya kundi unalolitaja na kurudi:

```
sg samaki -c 'cp ~/tayari/sori.csv /srv/samaki/ingizo/'
```

Pendekezo la pili: kubadilisha kundi la msingi la mama kuwa `samaki`. Lingeliponya tatizo la samaki na kulizaa upya upande wa maji, maana Alhamisi na Ijumaa yupo huko. Tena `usermod -g` haiishii kwenye daftari. Faili za nyumbani kwa mtumiaji zilizokuwa za kundi lake la zamani nazo hubadilishwa kuwa za kundi jipya. Mtu asiyelijua hilo hushangaa baadaye.

Kulikuwa na wazo la kulipa kundi nenosiri kwa `gpasswd`, ili karani yeyote wa maji aweze kuhamia samaki kwa `newgrp` bila kuongezwa rasmi. Uwezo huo upo kweli. Lakini nenosiri la kundi ni siri ya watu wengi, na siri ya watu wengi kwenye ofisi yenye vikaratasi vya njano haina maisha marefu. Tulilitupa bila mjadala.

Kilichofanywa

Kundi la faili za mradi halipaswi kutegemea kumbukumbu ya mtu. Liwekwe kwenye folda yenyewe:

```
find /srv/samaki -type d -exec chmod g+s {} +
find /srv/samaki ! -group samaki -exec chgrp samaki {} +
```

Mstari wa kwanza unaziwekea folda zote alama ya setgid. Kuanzia hapo `ls -ld` inaonyesha `drwxrws---`, faili mpya ndani yake huchukua kundi la folda hata kama aliyeiunda ana `maji` mkononi, na folda ndogo mpya huirithi alama hiyohiyo. Mstari wa pili unasafisha ya zamani. Wachambuzi walitaka pia waweze kusahihisha faili za makarani, jambo ambalo `umask` ya 027 hailiruhusu. Sikuilegeza kwa seva nzima. Folda ikiwa na ACL ya msingi (orodha ya ruhusa ambazo faili mpya humo hupewa), `umask` haitazamwi kwa faili zinazoundwa humo, kwa hiyo:

```
setfacl -R -d -m g::rwx,o::--- /srv/samaki
```

Nilidhani ripoti inayofuata itatoka safi. Ilitoka na pengo la bichi moja. Karani mwingine, pia mwenye asili ya maji, huandaa faili nyumbani kwake kwenye `~/tayari`, akimaliza anazihamisha kwa `mv`. `mv` haiundi faili. Kwenye diski moja inabadilisha jina tu, na faili yenyewe inabaki na kila ilichokuwa nacho, kundi likiwemo. Hata ikivuka kutoka diski moja kwenda nyingine hunakili na kujitahidi kuhifadhi umiliki uleule. Alama ya folda haina la kusema hapo. `cp` ya kawaida huunda faili mpya na hivyo huitii folda. Lakini `cp -p` na `rsync -a` hujaribu kubeba kundi la zamani. Karani huyo sasa ana amri fupi inayotumia `install -g samaki -m 660`, na mwenye faili anaruhusiwa kuipa kundi lolote ambalo yeye mwenyewe ni mwanachama.

Skripti ya usiku ilivuliwa ile `2>/dev/null`. Sasa ina orodha ya bichi inazozitarajia, na ikikosa moja, au ikikuta faili isiyosomeka, inasimama na kutuma barua pepe kwa watu wawili. Kabla ya kujumlisha inaendesha `find` ileile ya kutafuta faili zisizo za kundi la `samaki` na kuzitaja kwa majina.

Mchambuzi mmoja alinisumbua kidogo mwishoni. Aliongezwa kwenye kundi jipya, akatoka, akaingia, na bado `id` haikulionyesha. Alikuwa anafanya kazi ndani ya `tmux`, programu inayoshikilia madirisha yako kwenye seva. Kutoka kwenye `ssh` hakuiui `tmux`. Inabaki kwenye seva na makundi iliyozaliwa nayo, na kila dirisha jipya linalofunguliwa ndani yake huyarithi hayo. Aliifunga yenyewe kwa `tmux kill-server`, akaanza upya, ikaisha.

Kikaratasi cha njano mama alikiondoa mwenyewe, akaniuliza kama kuna kingine cha kuweka. Hakuna. Ombi la betri lilipunguzwa likabaki kwa swichi ya mtandao peke yake, ambayo kwa kweli ilizihitaji.

Nikiwa bado hapo niliendesha ukaguzi uleule kwenye `/srv/maji`. Zilikuwemo faili nyingi tu za kundi la `samaki`, zilizowekwa na makarani wa upande wa pili wanaosaidia maji. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu skripti ya usiku ya maji ilikuwa inaendeshwa na root, na root husoma kila kitu. Imehamishiwa akaunti yake yenyewe, na usiku wa kwanza ilikataa faili kumi na moja.